Mwamba wa Mjusi wa Mwalimu

Niseme mapema tusije tukagombana mbele ya safari: mimi mjusi simpendi. Simpendi ukutani, simpendi darini, na sikuwahi kuota kwamba siku moja nitapiga magoti kwenye zulia la mtu nikimsihi mjusi apumue. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Chanzo ni mume wangu, na tukisema ukweli mpaka mwisho, chanzo ni mimi pia.

Mume wangu alikuwa fundi wa kupiga lipu. Miaka ishirini na sita alipanda majukwaa ya mbao akinyoosha kuta za watu, na ukuta ulionyooshwa na yeye ungeuwekea rula toka kona hadi kona usione mwanga ukipenya. Kisha siku moja ubao ukamwacha. Aliangukia goti, goti likagoma kukunjika sawasawa, na daktari akamwambia habari za ngazi basi. Akarudi nyumbani akaketi karibu na cherehani yangu, maana mimi nashona nguo za watu na kazi yangu naifanyia sebuleni. Mtu ambaye hajazoea kukaa akikaa, nyumba nzima inaumwa. Siku ya kumi alianza kunifundisha namna ya kutia uzi kwenye sindano. Nikamwambia, "Baba Watoto, tafuta kazi kabla sijakushona mdomo."

Kazi ikamtafuta yeye. Jirani yetu seremala alikuwa amepata kobe mdogo wa kufuga, akamtengenezea sanduku zuri la mbao lenye kioo mbele. Mume wangu alikwenda kuliona, akalizunguka na fimbo yake, akasema, "Jirani, kobe wa watu kakosa nini mpaka umfunge jela?" Jioni ile ile akaokota vifungashio vya friji kwenye jalala la duka, akaanza kuchonga. Baada ya wiki mbili kobe alikuwa na ukuta wa mawe nyuma yake, wenye pango dogo chini, na alipoingizwa alitembea moja kwa moja mpaka kwenye pango akalala. Seremala alisimulia kila alikokwenda. Kumbe mji umejaa watu wanaofuga vitu vya kutambaa, ila hawasemi! Wakaja wenye vinyonga, wakaja wenye mijusi ya madoa, akaja na mama mmoja mhasibu, mpole kabisa, ana chatu. Nilimpokea mlangoni nikamwambia mgeni wake abaki kwenye gari.

Kazi yenyewe ukiiangalia ni uchafu mtupu. Unachukua yale madude meupe mepesi yanayokuja ndani ya boksi la friji, yale yanayokera meno ukiyasugua, unayabandika kipande juu ya kipande, kisha unayachonga kwa kisu cha jikoni, tena cha kwangu, na brashi ya waya. Punje nyeupe zinaenea nyumba nzima. Nilizikuta kwenye chumvi, nilizikuta kwenye nywele, nilizikuta ndani ya pindo la suruali ya mteja. Halafu unapaka uji wa saruji mara tatu au nne, kila mkono mzito kidogo kuliko uliotangulia. Halafu rangi. Kwanza unapaka giza kila mahali mpaka unajuta, kisha unapitisha brashi karibu kavu, yenye rangi ya mchanga, juu ya vile vinundu tu. Hapo ndipo jiwe linapojitokeza. Nimeishi na mwanamume huyu miaka thelathini na mmoja na bado akifika hatua hiyo naacha kushona nakwenda kutazama.

Mwisho kabisa ni vanishi, ili maji na kucha visile saruji. Na vanishi ndiyo hatari. Mume wangu alisema wanyama hawa wana mapafu madogo na wanaishi pua zao zikiwa ukutani. Harufu inayotuudhi sisi, wao inawaua. Kwa hiyo aliweka sheria. Kabla kizimba hakijatoka nyumbani kwetu, alikifunga siku nzima, kisha akakifungua, akaingiza kichwa chake humo na kuvuta pumzi huku akihesabu mpaka mia. "Kama mimi siwezi kulala humu," alikuwa akiwaambia wateja, "basi na yeye halali humu." Walimpenda kwa ajili ya hilo kuliko hata kwa mawe yenyewe.

Mimi nilikuwa na sheria yangu: kulalamika. "Vanishi hiyo, Baba Watoto! Gauni la mtu litanuka karakana!" Naye ananitazama, anatabasamu, anasema, "Haya, mke wangu. Bado." Anarudisha kizimba chumba cha nyuma. Nilidhani ananivumilia.

Na kweli tangu mwaka juzi, alipougua ile homa iliyomlaza wiki mbili, alikuwa mpole ajabu. Niliunguza maharage nikikimbizana na sare za shule, akala sahani nzima akasema asante. Nilimsimulia mdogo wangu kwenye simu kwamba shemeji yake amekomaa. Akanijibu, "Dada, mwanamume akianza kusifu maharage yaliyoungua, mchunguze mifuko." Tukacheka.

Basi akaja Mwalimu. Ni mzee mstaafu, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi, na kifuani amekumbatia boksi lililotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na mjusi mkubwa mwenye miiba laini kidevuni kama ndevu, mwenye miaka kumi na mmoja, umri ambao kwa mjusi wa aina ile ni uzee. Alikuwa wa marehemu mkewe. Mzee alimwita Bi Mkubwa. Kizimba chake cha zamani kilikuwa kimepasuka kioo, na sasa analala kwenye boksi chini ya taa ya joto.

"Fundi," alisema Mwalimu, "watoto wako mbali, mama yao hayupo. Nikisema neno mle ndani, huyu ndiye anayegeuza kichwa."

Kisha akatoa picha. Yeye na mkewe, vijana, wamekaa juu ya jabali fulani walilokuwa wakienda siku za mapumziko, mama amekaa kwenye kibaraza cha jiwe, miguu inaning'inia. Akauliza kama inawezekana. Mume wangu aliigeuza picha ile kwenye mwanga, akaomba abaki nayo mpaka kazi iishe.

Mzee alipoondoka, mume wangu alibaki amesimama mlangoni. "Mama Watoto, huyu mjusi akifia ndani ya kazi yangu, mwiko wangu wa lipu naweka chini. Jukwaani siwezi kurudi. Na uso wa kumtazama yule mzee nitautoa wapi?" Hakuwa mtu wa kusema hivyo, na maneno yale yaliniingia.

Alifanya kazi mwezi mzima. Kila ufa uliokuwa kwenye picha aliuweka. Kile kibaraza alikichonga mara tatu kwa sababu hakikuwa na mteremko sawa, akakijaribu kwa kukiwekea pakiti ya sukari kuona kama kinabeba. Akapaka vanishi, tena ile nzito ya mafuta, kwa sababu Bi Mkubwa ana kucha za kukwangua mlango wa chuma. Ikabaki kukata wavu wa waya wa kuziba tundu la hewa juu.

Na hapa ndipo balaa lilipoingia. Mimi nina mkasi wa kitambaa niliopewa na shangazi yangu siku aliposema sasa najua kushona. Mkasi huo haukati karatasi. Haukati kamba. Wanangu walikua wakijua kwamba wanaweza kuvunja sahani wakasamehewa, lakini mkasi ule hawaugusi. Asubuhi hiyo niliutia kwenye hariri ya mteja ukaanza kutafuna. Nikaugeuza kwenye mwanga, nikaona mapengo. Nikainua macho, nikaona wavu wa waya umekatwa vizuri, mraba kabisa.

"Nilitafuta ule mwingine sikuuona," alisema.

Kwa kawaida mimi nikikasirika mtaa mzima unajua, na baada ya saa moja yamekwisha, nauliza nani anataka chai. Safari hii niliona kelele hazitoshi. Nikanyamaza. Chakula niliweka mezani, salamu niliitikia, zaidi ya hapo hakupata kitu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, bora ungepiga kelele. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Nikamwambia mshindo na uje.

Mvua ilikuwa imeshika siku hizo, nguo hazikauki kambani, na vanishi nayo haikauki. Ilinuka mpaka kwenye mizizi ya meno. Nilifungua dirisha, nilijifunga kitambaa usoni nikashona hivyo hivyo, kichwa kinagonga. Nilikuwa na maneno ya kutosha kujaza gunia. Lakini nilijisemea, nikilalamika nitakuwa nimezungumza naye, na mimi sizungumzi naye.

Siku ya tisa alisimama mlangoni, akaegemea fimbo. "Humu ndani vipi?"

Swali hilo alikuwa akiniuliza mara nyingi miaka hiyo miwili, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sikuinua macho kwenye cherehani. "Shwari," nikasema.

Akakiendea kizimba, akaingiza kichwa, akahesabu mpaka mia. Nilimsikia akihesabu. Nikashangaa kidogo anavyoweza, nikaona hayanihusu. Jioni seremala alileta mkokoteni wakakipeleka kwa Mwalimu. Aliporudi alinisimulia, ingawa sikumuuliza, kwamba mzee aliweka kidole kwenye kile kibaraza akasema, "Hapa. Hapa ndipo alipokuwa akikaa."

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, simu ililia. Mwalimu alikuwa anapiga kelele, mtu asiyepigaga kelele. "Fundi, Bi Mkubwa amefungua mdomo hafungi! Amelala chini, hapandi!"

Mume wangu alishika ukuta. Nilisahau kununa, nilisahau mkasi, nikamshika mkono tukatoka. Goti lake lile, lakini siku hiyo mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Nyumba ya Mwalimu ni vyumba viwili, vitabu vimepangwa mpaka dirishani. Nilipovuka kizingiti tu ilinipiga puani. Vanishi mbichi, tena imepashwa moto na ile taa ya joto, nzito mpaka macho yanawasha. "Mtoeni!" nikapiga ukelele. "Mtoeni humo! Fungueni madirisha!" Na kwa mikono yangu mwenyewe, mimi ninayekimbia mjusi wa ukutani, nikamnyanyua yule mnyama, tumbo lake laini kwenye viganja vyangu, nikampeleka dirishani. Mwalimu akaleta boksi la zamani na kitambaa. Mdomo ulikuwa wazi, mbavu zinakwenda mbio.

Nilipogeuka, nilimwona mume wangu amepiga magoti mbele ya kizimba, na goti lile bovu, kichwa chote kimo ndani. Anavuta pumzi. Anatoa kichwa, ananitazama, anarudisha tena, anavuta. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko mtupu.

"Baba Watoto," nikasema. "Wewe husikii?"

Akakaa chini kwenye zulia. "Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

Mungu wangu. Yale maharage! Yale maziwa yaliyochacha aliyokunywa akaniambia asante! Miaka miwili nadhani ni mapenzi, kumbe ni pua. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Goti limekwenda," alisema polepole, kwangu na kwa Mwalimu. "Ningesema na pua imekwenda, nani angeniletea mnyama wake? Mficha maradhi, najua, najua. Lakini sikuwa nabahatisha, Mwalimu. Nilikuwa na pua ya mke wangu. Yeye akipiga kelele, najua haijakauka. Akiacha kelele, nangoja siku tatu zaidi ndipo nakitoa." Akanigeukia. "Safari hii ulinyamaza. Siku tisa. Nikasema labda ni ule mkasi, ndiyo maana nikakuuliza. Ukasema shwari."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata la kujibu.

Nikamwendea Mwalimu. "Shikamoo yangu hujaipata, Mwalimu, na huenda ukaikataa. Mimi nilisikia. Nilisikia siku zote tisa mpaka kichwa kikaniuma. Nilimwambia shwari kwa ajili ya hasira, kwa ajili ya mkasi. Kosa ni langu."

Mzee alinitazama jinsi nadhani alivyowatazama wanafunzi wake miaka yote ile. "Kwanza aishi," alisema. "Kusameheana kutafuata."

Akampigia simu daktari wa mifugo, akaambiwa tumeshafanya linalowezekana: hewa safi, joto kiasi, asisumbuliwe. Basi tukakaa. Nilipiga magoti kando ya lile boksi sijui kwa saa ngapi. Mume wangu alikaa nyuma yangu, mgongo ukutani, mwiko wake mdogo wa kupakia saruji umechungulia kwenye mfuko wa shati. Nikawa naangalia zile mbavu, nasema moyoni, bibi wewe, tafadhali, vuta moja tena. Sasa vuta nyingine. Hasira hasara, wazee walisema, nami nilikuwa nikiwaambia wanangu bila kujua ladha yake.

Alasiri mdomo ukafunga. Tukaogopa zaidi, tukidhani amekata roho. Mwalimu akainama, akasema, "Mke wangu alikuwa akikuita mvivu, unakumbuka?"

Bi Mkubwa akageuza kichwa.

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shikamoo yako nimeipokea, mama. Marahaba." Na akamwambia mume wangu akichukue kizimba, akikaushe, akirudishe. "Jabali silitaki jingine," alisema. "Nataka hilo hilo."

Njiani nilianza kupiga kelele. Kelele za siku kumi na moja nilizitoa zote: mkasi, shangazi, hariri ya mteja, kisu cha jikoni, punje kwenye chumvi, na zaidi ya yote miaka miwili ya kunificha, kana kwamba mimi ni jirani. Watu waligeuka. Mume wangu alichechemea kando yangu anaitikia, "Kweli. Kweli, mke wangu." Nilipoishiwa pumzi alisema, "Unaweza kunitukana mpaka mbingu zisikie. Ila usininyamazie tena." Nikalia hapo hapo barabarani, sikujali nani anaona.

Kuanzia siku hiyo mia nahesabu mimi. Tuliweka kizimba uani jua lilipotoka, tukakiingiza mawingu yalipokuja, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi nafunga kitambaa kichwani, naingiza kichwa kwenye jabali la watu, natoa ripoti. Wateja tuliwaambia ukweli wote. Wawili hawakurudi. Yule mama wa chatu alikuja akasema pua ya nani si hoja, hoja ni kwamba ipo.

Wiki tatu zilipotimia nilihesabu mia sikusikia kitu, tukaazima mkokoteni tukapeleka. Mwalimu alikuwa ametandika meza kitambaa safi. Bi Mkubwa alikuwa begani kwake, amenona kidogo, ananitazama kwa jicho moja. Kwa kuwa taa ya joto ndiyo iliyotuumbua mara ya kwanza, mume wangu alisema tuiwashe kwanza, tungoje saa nzima. Tukangoja. Mzee alikuwa hatulii, anapanga ile picha karibu na kioo, anaipanga upya.

Saa ilipotimia nikapiga magoti, nikaingiza kichwa. Moja, mbili, tatu. Jiwe, vumbi, joto. Sabini. Themanini. Kwenye themanini na kitu, kule kwenye kona nyuma ya kibaraza, nikaisikia harufu. Kidogo sana, kama mtu aliyepita jana. Mtu mwingine angeiacha. Nilifika mia, nikabaki humo ndani kidogo, kwa sababu nilijua nikitoa kichwa nitauona uso wa Mwalimu.

"Humu ndani vipi?" mume wangu aliuliza.

Nikatoa kichwa. "Bado," nikasema.

Mwalimu alifumba macho. Kisha akachukua picha yake pale kwenye kioo, akairudisha mfukoni, akatufungulia mlango.

Tukakipandisha tena kwenye mkokoteni, mimi nasukuma, mume wangu anakishikilia kisiyumbe. Tulikwenda hatua kadhaa.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Kwenye kona, nyuma ya kibaraza. Kidogo tu."

"Mimi sikusikia kitu," alisema.

"Najua," nikamwambia. "Shikilia vizuri, kuna shimo hapo mbele."